Iache Hiyo Skrubu, Mama Mizani

Ukipita karibu na nyumba ile asubuhi, pua ilikuwa inakupa habari kabla ya macho. Sabuni! Harufu yake ilitoka chumba cha uani, ikaruka ukuta, ikaenda mpaka barabarani. Waliokuwa na mafua tu ndio walipita bila kujua.

Hicho chumba cha uani kilikuwa kiwanda. Kilikuwa na watu watatu tu, lakini kiwanda ni kiwanda. Mume alikuwa mpishi wa sabuni. Alikoroga, akamimina kwenye fremu za mbao, akangoja igande, kisha akaitoa na kuipasua kuwa miche mirefu. Dada yake mume alikuwa mkataji. Aliisukuma miche kwenye meza ya kukatia, akashusha mpini wenye waya, na kipande kikaanguka. Mke wa nyumba alikuwa mpimaji. Alikaa mwisho wa meza na mizani yake, akapima kipande kimoja kimoja. Mtaa mzima ulimwita Mama Mizani, naye jina hilo alilipenda kama pete ya ndoa.

Kila kipande kilipigwa muhuri: gramu 200. Mama Mizani hakutaka mchezo na namba hiyo. Kipande kikipungua hata gramu moja, alipaza sauti.

"Chepesi! Legeza!"

Wifi yake aliinama, akazungusha skrubu iliyokuwa nyuma ya meza. Skrubu hiyo ilishika ubao ambao mche uligonga kabla ya kukatwa. Ukiilegeza, ubao unarudi nyuma, kipande kinakuwa kirefu na kizito. Ukiikaza, ubao unasogea mbele, kipande kinakuwa kifupi na chepesi.

"Kizito! Kaza!"

Wifi aliinama tena, akakaza. Legeza, kaza, legeza, kaza, kutwa nzima. Watoto wa jirani waliigeuza kuwa wimbo wa kuruka kamba.

Wifi hakulalamika. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mume wake alifariki miaka miwili iliyopita. Baada ya hapo aliishi kwa kaka yao mkubwa, mahali ambapo alikula kwa aibu, maana kila siku alikumbushwa kwamba yeye ni mzigo. Kisha kaka huyu wa sabuni akamwita. Kwenye meza ile akapata mpini wake, kiti chake na mshahara wake wa Jumamosi. Alianza tena kucheka, japo kidogo kidogo.

Jumatatu moja, kabla hata chai haijapoa, gari la hospitali lilisimama mlangoni. Hospitali ile ilikuwa mteja wao mkubwa. Mtunza stoo akashuka. Nyuma yake, makatoni ya sabuni yakashuka pia. Yalikuwa yamerudi yote.

"Mama Mizani," alisema mtunza stoo, "mimi nakuheshimu. Lakini nimepima vipande kumi. Hiki gramu 192. Hiki 211. Hiki 195. Wagonjwa wawili wamelala vitanda vinavyopakana. Mmoja ana kipande cha mtu mzima, mwenzake ana kipande cha mtoto mchanga. Nani atawaamulia?"

"Haiwezekani!" alisema Mama Mizani. "Mimi napima kila kipande, na kikikosea nasahihisha kinachofuata!"

"Basi nitakuja mwenyewe na mizani yangu, Alhamisi ya wiki ya tatu. Nisipopata kipande chini ya gramu 200, na tofauti zisiwe za kushangaza hivi, tunaendelea. La sivyo, tutaagana kwa amani."

Mama Mizani aliona uso unamwaka moto. Majirani wawili walikuwa wamesimama wakitazama.

"Usiwe na wasiwasi," alisema. "Nitabadilisha mkataji."

Gari likaondoka. Mama Mizani akamfuata mumewe jikoni, akafunga mlango kwa mguu.

"Baba watoto, dada yako mkono wake hautulii. Hii aibu ameileta yeye. Alhamisi hiyo mzigo ukikataliwa tena, simtaki kwenye meza ile. Arudi kwa kaka yenu mkubwa."

"Mama watoto, huyo ni dada yangu. Arudi kule? Unajua alivyoishi kule."

"Na mimi ni mkeo, na kazi hii ndiyo inayotulisha."

Mlango ule ulikuwa wa mbao nyembamba. Nje, wifi alikuwa amesimama na beseni la vyombo mikononi. Alisikia kila neno. Aliweka beseni chini taratibu, akaenda chumbani kwake.

Kesho yake Mama Mizani aliingia chumba hicho kutafuta ufagio. Karibu na mlango akaona mkoba mkubwa wa wifi yake. Ulikuwa umejaa, umefungwa kwa kamba. Kitanda kilikuwa kitupu, hata shuka la akiba halikuwepo. Moyo ukamchoma kidogo. Akaupuuza, akachukua ufagio wake, akatoka.

Siku tatu zilizofuata alipima kwa ukali zaidi. "Chepesi! Legeza! Kizito! Kaza! Mbona unazungusha kidogo? Zungusha vizuri!" Wifi akazungusha vizuri. Vipande vikazidi kutofautiana. Mama Mizani akazidi kupaza sauti. Ilikuwa kama mtu anayezima moto kwa mafuta ya taa.

Upande wa pili wa ukuta aliishi mwanamke mmoja mnene, mcheshi, aliyefanya kazi kiwanda cha vizibo vya chupa. Kazi yake ilikuwa kukagua ubora. Mtaani aliitwa Mama Vizibo. Wiki hiyo aliingia zamu ya asubuhi, kwa hiyo saa tisa alasiri alikuwa amesharudi na anataka kupumzika. Angepumzikaje? Ijumaa alishindwa kuvumilia. Akaja na kanga yake begani, akasimama mlangoni.

"Jirani, hodi. Leo nimekaa kitandani nikawa nahesabu. Ndani ya nusu saa umeamuru hiyo skrubu izungushwe mara kumi na moja."

"Karibu, Mama Vizibo. Sasa unataka niachie sabuni nyepesi ipite? Yamenifika shingoni mwenzio."

"Uzito wa vipande unauandika popote?"

Hapo alimgusa Mama Mizani mahali pake. Akatoa daftari kwa madaha. Alikuwa ameandika kila kitu, siku hadi siku, kwa mwandiko mkubwa ulionyooka. Alijifunza kuandika ukubwani, na daftari lile lilikuwa fahari yake.

"Hongera!" alisema Mama Vizibo, na alimaanisha. "Wengi wanapima, wachache wanaandika. Nipe karatasi ya miraba."

Wakachana ukurasa kutoka daftari la hesabu la binti wa nyumba. Mama Vizibo akachora. Kipande cha kwanza kilikuwa gramu 194, akaweka nukta chini. Cha pili 208, akaweka nukta juu. Cha tatu 196, nukta chini. Cha nne 207, nukta juu. Alipofika nukta ya ishirini, aliziunganisha kwa mstari.

"Unaona nini?"

Mama Mizani akakodoa macho. "Meno ya msumeno."

"Umesema kweli. Chini, juu, chini, juu, kwa zamu. Mkataji ambaye mkono wake hautulii angetawanya nukta ovyo, hazina mpango. Hizi zina mpango. Kuna kitu kinazisukuma juu, halafu kinazisukuma chini."

"Kitu gani hicho? Waya?"

"Ni wewe, jirani."

Mama Mizani alicheka kwa dharau. Kisha akaona mwenzake hacheki, naye akaacha. Wifi alikuwa anapangusa meza. Kitambaa chake kilisimama.

"Mimi? Mimi ambaye naisahihisha kila wakati?"

"Ndiyo maana. Sikiliza. Ukimimina chai kwenye vikombe sita, birika moja, mkono mmoja, je, vyote vinalingana sawasawa?"

"Haviwezi kulingana sawasawa."

"Kimoja kinapungua tone, kingine kinazidi tone. Hujakosea. Ndivyo kumimina kulivyo. Sabuni nayo ni hivyo hivyo. Hapa kuna kiputo cha hewa, pale waya umepinda kidogo. Kipande kimepungua gramu mbili, basi. Ukikiacha, kinachofuata huenda kikarudi chenyewe. Lakini wewe unasema 'Legeza!' Sasa kinachofuata kinazidi kwa bahati yake, na kinazidi tena kwa skrubu yako. Unapiga kelele 'Kaza!' Kinashuka mara mbili. Unaifukuza sabuni, jirani, nayo inakukimbia."

"Mimi siamini."

"Usiamini. Kesho zamu yangu ni ya mchana. Asubuhi nitakuja nikae hapa. Wifi atakata. Wewe utapima, utaandika, na utanyamaza. Skrubu haiguswi."

Mume aliyekuwa anaosha fremu alisikia hayo. "Mama Vizibo, hapo kwenye kunyamaza," alisema, "hapo ndipo kazi ipo."

Kweli kazi ilikuwepo. Jumamosi asubuhi Mama Mizani alikaa kwenye kiti chake kama mtu aliyekalia siafu. Walipima kipande kimoja katika kila vipande kumi. Cha kwanza kilikuwa gramu 202. Sawa. Cha pili 200. Sawa. Cha tatu 199. Midomo ikamfunguka.

"Che..."

"Aa-aa!" alisema Mama Vizibo.

Akaufunga mdomo kwa mkono. Kipande cha nne kilikuwa 201. Kilikuwa kimerudi chenyewe, hakuna aliyekiita. Cha tano 203. Cha sita 201. Cha saba 198, na Mama Mizani akauma kanga yake. Cha nane 200.

Vikafika vipimo ishirini. Chepesi kuliko vyote kilikuwa 198. Kizito kuliko vyote kilikuwa 204. Hakuna 192. Hakuna 211. Mama Mizani aliliangalia daftari, kisha akaiangalia mikono ya wifi yake. Ilikuwa mikono ile ile ya jana, ya juzi na ya wiki iliyopita. Alitaka kusema neno, badala yake akajifanya anachonga penseli.

"Sasa tuchore chati yenyewe," alisema Mama Vizibo. "Tunajumlisha vipimo vyote, tunagawanya kwa ishirini. Tumepata 201. Huo ni mstari wa katikati. Kisha tunaangalia kila kipimo kimetofautiana kiasi gani na kile kilichokitangulia. Hapa gramu mbili, hapa moja, hapa mbili. Wastani wake ni gramu moja na nusu. Tunazidisha kwa 2.66. Namba hiyo waliitafuta wataalamu wa hesabu, sisi tunaitumia tu. Jibu ni gramu nne, kwa kukadiria. Basi mpaka wa juu ni 205, na mpaka wa chini ni 197."

"Lakini hospitali haitaki kipande chini ya 200," alisema mume.

"Vizuri umekumbusha, shemeji. Mipaka hii si amri ya hospitali. Ni tabia ya meza yenu. Meza hii, mkiiacha ilivyo leo, itatoa vipande vya kati ya 197 na 205. Vyepesi vitakuwepo tu, hata wifi angekuwa malaika. Kwa hiyo tutaisogeza meza nzima gramu nne juu. Katikati iwe 205, chini 201, juu 209. Tunazungusha skrubu mara moja, kwa hesabu, siyo kwa hasira. Halafu?"

"Halafu tunaiacha," alisema mtu kwa sauti ndogo.

Wote waligeuka. Alikuwa wifi.

"Wewe ndiye mwanafunzi wangu!" alisema Mama Vizibo. "Njoo hapa karibu."

Akachora tena kwenye ukurasa mpya, huku wifi amesimama nyuma ya bega lake.

"Nukta zikitawanyika ovyo ndani ya mipaka, endeleeni na kazi, msiguse kitu. Nukta moja ikitoka nje ya mpaka, simameni, kuna jambo la ghafla. Pengine waya umekatika, pengine mche umepasuka. Lakini msingoje mpaka itoke nje. Kuna dalili zinazoonekana mapema. Nukta zikikaa upande mmoja wa mstari wa katikati, nane mfululizo, kuna kitu kimebadilika na kimebaki hivyo. Kule kazini siku moja tulipata nane chini ya mstari. Vizibo vyote vilikuwa vyembamba kidogo. Tulipochunguza, tukakuta mashine imewekewa plastiki ya aina nyingine na hakuna aliyesema."

"Na zikipanda?" aliuliza wifi.

"Zikipanda moja baada ya nyingine, au zikishuka, zikafika sita, hapo kuna kitu kinalegea au kinachakaa. Hata kama zote bado ziko ndani. Na zikiwa meno ya msumeno..."

"Tunajua," alisema Mama Mizani haraka. Mumewe akakohoa ili asicheke.

Wifi alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo ikicheza bila sauti.

Skrubu ikazungushwa mara moja. Jumatatu wakapima tena vipande ishirini kuhakikisha, na katikati ikaja 205 kama ilivyotakiwa. Chati ikabandikwa ukutani. Mama Mizani aliweka nukta, wifi alikata. Chumba kikawa kimya hadi Mama Vizibo akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama kuna mgonjwa. Siku zikaenda. Nukta zikacheza ndani ya mistari, na hakuna aliyezikimbiza.

Lakini mkoba wa wifi ulibaki pale pale karibu na mlango, umefungwa. Mama Mizani aliuona kila aliposhika ufagio. Kila mara alisema moyoni, "Nitazungumza naye." Kila mara ulimi ulikuwa mzito. Kuomba radhi ni kazi, hasa kwa mtu aliyezoea kupima wenzake.

Ikafika Jumatano, siku moja kabla ya mtunza stoo kuja. Yalibaki makatoni kumi ya kujaza. Mama Vizibo alikuwa kazini. Kazi ilikwenda mbio.

Nukta ya kwanza asubuhi hiyo ilikuwa 203. Iliyofuata 204. Kisha 205. Kisha 206. Kisha 207. Mama Mizani alipoweka 208, alitabasamu.

"Wifi, leo tunang'aa. Zote ndani ya mistari, na hata zinaelekea kuwa nzito. Mteja gani atakataa kuongezewa?"

Wifi aliangalia chati. Akauachia mpini.

"Wifi, zinapanda."

"Ziache zipande. Mpaka ni 209."

"Ni sita."

"Sita nini? Makatoni yanatungoja! Kata, wifi yangu, kesho ni leo."

Wifi alikunja mikono.

"Sikati."

Loo! Tangu aje nyumba ile alikuwa hajawahi kusema neno kama hilo. Mume alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani mtu ameumia. Mama Mizani alisimama. Hasira ikampanda mpaka masikioni. Yeye ndiye aliyetaka huyu aondoke, na sasa huyu ndiye anasimamisha kazi, siku kama hii! Kisha akaiangalia chati tena. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kama ngazi.

"Haya," alisema, "nimekubali. Basi tuikaze kidogo ishuke." Akanyoosha mkono kwenye skrubu.

Wifi aliuweka mkono wake juu ya mkono ule, taratibu.

"Tukiikaza tu, tutauficha ugonjwa. Kesho utarudi. Tutafute kwanza kinacholegea."

Mume akapiga magoti nyuma ya meza. Akaushika ubao, akautikisa. Akaishika nati iliyobana skrubu, akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikazunguka.

"Jamani! Nati hii imeisha meno. Kila mche ukigonga ubao, ubao unarudi nyuma kidogo. Ndiyo maana vipande vinazidi kuwa vizito."

"Mbona imeisha upesi hivyo?" aliuliza Mama Mizani. "Si uliinunua mwaka huu?"

Mume alijikuna kichwa. Alimpenda mkewe, na alijua maneno yanayofuata ni ya kuchagua.

"Nati hii hutengenezwa ibanwe na kuachwa, mama watoto. Hii ilikuwa inazungushwa mara mia kwa siku."

Mama Mizani aliketi juu ya katoni. Katoni likabonyea, naye hakujali. Aliwaza: kama wangeendelea, kufikia adhuhuri vipande vingefika 212, 215. Kesho mtunza stoo angevikuta ndani ya makatoni, vikubwa na vidogo, kama mwanzo. Angesema kwaheri. Naye, Mama Mizani, angesema nini? Angesema ni mkono wa wifi.

Mume alikimbia duka la vifaa, akarudi na nati mbili mpya. Akazikaza zote mbili, moja nyuma ya nyingine, ili ya pili iizuie ya kwanza isilegee. Wakaurudisha ubao mahali pake kwa kipimo. Wakapima. 205. 204. 206. 203. Nukta zikatawanyika tena, ngazi ikavunjika. Saa kumi jioni katoni la mwisho likafungwa.

Alhamisi mtunza stoo alikuja na mizani yake ndogo kwapani, kama alivyoahidi. Alifungua makatoni matano aliyoyachagua mwenyewe, moja lilikuwa lile lililobonyea. Akapima vipande ishirini. Hakuharakisha. Chepesi kuliko vyote kilikuwa gramu 202. Kizito kuliko vyote kilikuwa 208. Akapima kimoja zaidi, kana kwamba haamini. 205.

"Hongereni," alisema. "Nimeridhika, tunaendelea. Kumbe ulifanya vizuri kubadilisha mkataji, Mama Mizani. Yuko wapi huyo mpya?"

Wifi aliinamisha kichwa. Mume aliangalia dari. Majirani wawili walikuwa mlangoni, wale wale. Mama Vizibo naye alikuwa amefika, kanga begani.

Mama Mizani alimtazama wifi yake. Ingekuwa rahisi sana kucheka na kubadilisha mazungumzo.

"Mkataji ni yule yule," alisema. "Aliyebadilishwa ni mimi."

Akaenda kwenye rafu, akaitoa karatasi ya kwanza, ile ya meno ya msumeno. Akaifungua mbele ya wote.

"Vipande ulivyoturudishia vilitokana na huku kupanda na kushuka. Ni mkono wangu, siyo mkono wake. Mimi ndiye niliyekuwa naamuru kukaza na kulegeza. Na jana, mtu aliyeokoa mzigo huu ni yeye. Alisema 'sikati' wakati mimi nasema kata."

Kisha akamgeukia wifi yake. Machozi yalikuwa yamemlenga, naye hakuyafuta.

"Wifi yangu, nilikupaka matope kwa kaka yako, na nilikutaja vibaya mbele ya wageni. Mkoba wako nauona kila siku nikichukua ufagio. Naomba unisamehe. Na ukipenda, ufungue."

Wifi aliutazama mlango wa chumba chake.

"Nilikuwa naingoja Alhamisi," alisema. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nimekusamehe, wifi. Lakini penseli nipe mimi."

Watu wakaangua kicheko, na Mama Mizani alicheka kuliko wote, huku analia. Penseli akaitoa sikioni, akampa.

Kesho yake asubuhi wifi alikuja mezani amevaa gauni la njano ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Lilikuwa chini kabisa ya mkoba.

Sasa ni mwezi wa nne tangu siku ile. Mambo mengine yametokea. Siku moja nukta nane zilikaa juu ya mstari wa katikati, zote nane, na hakuna hata moja iliyotoka nje ya mpaka. Wifi akaita, "Nane!" Kazi ikasimama. Wakatafuta, wakamkuta mhalifu jikoni. Mume alikuwa ametengeneza fremu mpya yenye kina zaidi, bila kumwambia mtu, na miche yake ilikuwa minene. Siku hiyo yeye ndiye aliyeosha vyombo.

Hospitali bado inachukua sabuni. Shule mbili nazo zimeanza kuagiza. Mama Mizani bado anapima, na bado midomo humfunguka akiona 201. Akiufunga mdomo na kuangalia chati, huona kwamba ni nukta kama nyingine, basi anaendelea.

Chati zimekuwa nyingi. Kila wiki wanabandika mpya, na ya zamani hawaitupi, maana siku ya shida huwa wanazirudia. Walijiuliza wapi pa kuzitunza. Wifi akaingia chumbani kwake, akarudi na ule mkoba mkubwa ukiwa mtupu, akautundika kwenye msumari nyuma ya meza. Chati zote zimo humo, na ya chini kabisa ni ile ya meno ya msumeno.